Siku tatu za sheria, siku arobaini za nyumbani

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi stoo, ambaye mkewe anatarajia kujifungua mwezi wa kwanza, aliniuliza wiki iliyopita anunue nini. Alikuwa ameshaandika orodha kwenye simu: beseni, pampasi, khanga doti mbili, chupa ya chai, mafuta ya mtoto. Nikamwambia kwamba vitu hivyo hata shangazi zake watavileta, na kwamba swali lenye faida zaidi ni lini mama mkwe wake atafika na lini ataondoka. Hakunielewa, wala simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa jambo hilo kwenye uzazi wa pili, ambao ulituletea watoto wawili kwa mpigo.

Mwaka 2016, alipozaliwa binti yetu mkubwa, nilifanya kama walivyofanya kaka zangu. Nilinunua kuku watatu na mkaa gunia moja, nikampokea mama mkwe stendi akitokea Kwimba na furushi lake la michembe ya viazi vitamu na karanga, kisha nikajiondoa. Katika vyumba viwili vya kupanga, mama mkwe hulala chumbani na mzazi, na mkwe wa kiume mwenye adabu zake hapitipiti mbele yake, hali naye meza moja, wala hakaribii mlango wa chumba alicholala. Kwa hiyo nilikuwa nikitoka alfajiri na kurudi usiku, nikiacha hela ya mboga juu ya meza, na majirani wakanisifu kuwa ni mwanamume mwenye heshima. Miaka kadhaa baadaye mke wangu aliniambia kwamba siku zile alikuwa akinisikia nakohoa sebuleni kama mgeni aliyeomba hifadhi ya usiku mmoja.

Mapacha walizaliwa Oktoba 2022 kwa upasuaji, na hapo ndipo nilipoanza kuhesabu siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku tatu, nayo ni lazima aichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mama hupata siku 84, na hufika 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kwa baba, idadi ya watoto haibadilishi kitu. Wakati huo siku zake zilikuwa tatu zile zile, hata wakija wanne. Nilipopeleka fomu, msimamizi wangu katika kiwanda cha minofu ya samaki nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo aliisoma, akaitia saini, halafu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Kwani aliyepasuliwa ni wewe?" Wote tukacheka, mimi pamoja nao, na nikiri kwamba kicheko changu ndicho kilichonichukiza zaidi nilipokikumbuka jioni.

Siku hizo tatu ziliishia wodini. Watoto walizaliwa na kilo 2.1 na 1.9, na mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, ambaye hatari yake ya kwanza ni kupoteza joto la mwili. Mke wangu alikuwa bado hawezi kukaa vizuri kwa sababu ya kidonda. Nesi akanitazama nilivyosimama na mfuko wangu wa machungwa, akasema, "Baba, vua shati." Nilidhani sikusikia vizuri. Akamchukua mdogo, aliyevaa nepi, kofia na soksi tu, akamlaza wima kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa khanga, kisha akanifunika blanketi. Wanaita kumbeba mtoto kwa mtindo wa kangaruu, njia iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokuwa na uhaba wa mashine za kutunzia joto watoto. Mwili wa mtu mzima unafanya kazi ile ile, na kifua cha baba kinafaa kama cha mama, isipokuwa hakina maziwa. Nilikaa hivyo saa tatu nzima, mtoto akipumua taratibu kama paka, na mgongo ukiniuma kwa sababu niliogopa hata kuegemea ukuta. Nikikutana na mwanamume anayesema mtoto mchanga hana la kufanya na baba yake mpaka aanze kutembea, humsimulia habari ya khanga ile.

Siku ya sita tuliruhusiwa. Nesi alitaka kumpa mzazi maelezo akiwa peke yake, kama ilivyo kawaida, nami nikaomba nibaki, nikatoa daftari dogo ninaloandikia mzigo wa stoo. Niliandika dalili za kumrudisha mama hospitali bila kusubiri asubuhi: kutoka damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kidonda kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuumwa sana kichwa, kuona ukungu, degedege. Chini yake niliandika za mtoto: kukataa kunyonya, kupumua kwa kasi, kuwa wa moto sana au wa baridi, macho kuwa ya njano, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe majivu wala kitu kingine chochote. Kurasa mbili hizo ndicho kitu cha thamani zaidi nilichorudi nacho nyumbani baada ya mke na watoto, na ninaandika hivi nikijua ninachosema.

Usiku wa siku ya nane, kama saa nane hivi, binti yetu alinitikisa kwenye kochi. Alisema mama anasema kichwa kinampasuka na taa anaiona mbili. Nikasimama mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wangu, mlango ambao kwa siku mbili nilikuwa nikiukwepa, nikapiga hodi. Mama mkwe akajibu kutoka ndani kwamba ni uchovu tu, mzazi hajalala tangu juzi, nimwache apumzike. Ni mwanamke aliyelea wazazi wengi kuliko siku nilizofanya kazi, naye hakusema vile kwa ubaya. Lakini daftari lilikuwa mfukoni. "Mama, nisamehe," nikasema, "naomba nipite." Kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia kitanda kikilia na mlango ukafunguliwa.

Wanaoijua milima ya Bugarika jijini Mwanza, tulikokuwa tukiishi, wanajua kwamba huko juu kwenye mawe bajaji hazifiki. Tulimshusha mzazi kwa hatua, mimi nikiwa mbele yake na jirani nyuma, tukimulikiwa na simu, mama mkwe akifuata na pacha mmoja mgongoni na mwingine mikononi, kwa sababu watoto wasingeweza kubaki bila ziwa. Hospitali presha yake ilikuwa juu, 170 kwa 110. Daktari alitueleza kwamba kifafa cha mimba, licha ya jina lake, kinaweza kumpata mwanamke hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, na kwamba wenye mapacha wako katika hatari kubwa zaidi. Alipewa dawa, akalazwa siku nne, akapona. Dereva wa bajaji aliyetupeleka nilikuwa nimeiandika namba yake ukurasa wa kwanza wa daftari lile lile, na elfu ishirini ya dharura ilikuwa ndani ya jalada. Hayo mawili hayana gharama kubwa, ila hayatafutwi saa nane usiku.

Tangu usiku ule mlango haukuwa tena kizuizi kikubwa kati yangu na mama mkwe. Hatukuanza kula pamoja, na sikutaka adabu ife, lakini alinitengea kazi. Maji yakawa yangu. Mapacha wawili hutumia nepi kama timu nzima ya mpira inavyotumia jezi, na kwetu bomba lilikuwa chini ya mlima, kwa hiyo kila alfajiri nilipandisha madumu manne ya lita 20 kabla ya kwenda kazini, na jioni nilifua nepi nikazianika juu ya jabali nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtaa mzima unaona. Haikupita wiki nikasikia kwamba nimelishwa limbwata. Mzee mmoja aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Nilimjibu kwamba lipo, ni nepi thelathini.

Liko jambo moja ambalo baba anaweza kulifanya kuliko mtu yeyote nyumbani, nalo ni kusimama mlangoni. Kwetu Usukumani mapacha ni habari kubwa. Kulwa na Doto hawazaliwi kimya kimya, na watu walikuja kwa makundi na sabuni, khanga na noti zilizokunjwa, wakakaa, wakapiga soga, wakataka kuwabeba. Mzazi hawezi kumwambia wifi yake aondoke, na mama mkwe ni mgeni hapo. Mimi ndiye niliyetangaza kwamba wageni ni kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili, kwamba maji na sabuni ya kunawa viko mlangoni, na kwamba mwenye mafua au kikohozi atawaona watoto akiwa mbali. Shangazi yangu mmoja alinuna, akaniambia nimekuwa mzungu. Baadaye alinisamehe, ingawa nadhani alimsamehe mtoto zaidi kuliko mimi.

Mlango huo una maana nyingine pia. Watu huja na dawa. Mtoto akilia jioni huambiwa ana mchango wa tumbo, na chupa yenye mizizi hutokea chini ya khanga ya mtu. Wengine hushauri maji ya uvuguvugu, wengine uji mwepesi kwa sababu "maziwa hayatoshi kwa wawili". Maelekezo ya wataalamu wa afya ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji, bila uji, bila dawa isipokuwa iliyotolewa na mhudumu wa afya. Mwanamke akiyasema hayo mbele ya wakubwa zake huonekana mjuaji. Baba akisema, "Mimi ndiye nimekataa," lawama zinamwendea yeye, na mzazi anaendelea kunyonyesha kwa amani. Sioni njia bora zaidi ya kutumia ule ubabe ambao jamii imetupa bure. Hata suala la kukanda lilimalizika hivyo: mama mkwe alitaka kumkanda mzazi kwa maji ya moto kama desturi, nami nikamwomba tumuulize nesi kwanza, naye akasema kidonda cha upasuaji kisiguswe. Mama akabaki kumkanda mgongo na miguu kwa maji ya vuguvugu, na wote wawili wakafurahi.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Supu ya sato asubuhi, uji wa ulezi, ugali na mboga za majani, dagaa, matunda yaliyopo, na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa hospitali, ambavyo kazi yangu ilikuwa kuhakikisha anavimeza. Mwanamume anayeweza kuosha samaki anaweza kuchemsha supu.

Mvua za kwanza zilianguka mwishoni mwa wiki ya nne, na mama mkwe akaanza kutazama mawingu. Shamba halimsubiri mtu. Akaondoka Jumapili, tukamsindikiza mpaka barabarani, na tuliporudi nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Wageni walikuwa wameshaona watoto, majirani wamesharudi kwenye shughuli zao, na shangazi bado alikuwa amenuna. Hapo ndipo nilipochukua siku 14 za likizo yangu ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, na ambayo wenzangu walinishangaa kwa nini sikuichukua pale watoto walipozaliwa. Wiki ya kwanza mzazi anazungukwa na wanawake saba wenye ujuzi. Ukikaa nyumbani muda wote huo utapewa kazi ya kutafuta chumvi. Wiki ya tano hakuna mtu, kidonda cha upasuaji bado hakiruhusu kuinua dumu, usingizi ulioahirishwa mwezi mzima unadai deni lake, na mtoto mkubwa anataka kupelekwa shule.

Usiku tuligawana hivi: yeye alinyonyesha, mengine yote yalikuwa yangu. Doto akilia, mimi ndiye niliyeamka, nikambadilisha nepi, nikampeleka kwa mama yake kitandani, nikampokea aliposhiba, nikamwegemeza begani mpaka atoe hewa, nikamlaza chali ndani ya chandarua. Wakilia wote wawili, mmoja alinyonya na mwingine nilimpa kwa kikombe maziwa ambayo mama yake alikuwa ameyakamua mchana. Kila alfajiri kuanzia saa kumi mpaka saa moja nilikuwa nao sebuleni, mmoja kifuani na mwingine miguuni, ili mama yao alale saa tatu mfululizo bila kuguswa. Aliniambia kwamba saa hizo tatu zilimfaa kuliko kuku wote niliowahi kununua.

Hata hivyo nilikosea palipokuwa rahisi kabisa kutokukosea. Katika wiki hiyo ya tano mke wangu alianza kulia jioni bila sababu niliyoiona, akasema anajiona kama mtu anayetazama maisha ya mwanamke mwingine. Nikamjibu, "Mshukuru Mungu, wenzako wanatafuta mmoja, wewe umepewa wawili." Alinyamaza, nami nikadhani nimemfariji. Siku tatu hakuniambia jambo lolote zaidi ya kuniomba vitu. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Yakiendelea, au yakianza baadaye, na mzazi akapoteza hamu ya kula, akakosa usingizi hata watoto wakiwa wamelala, au akasema hawafai watoto wake, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba. Nilimwomba radhi kwa sentensi ile. Kisha nikakaa kimya nikamsikiliza, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko madumu, na tulipokwenda kliniki ya wiki ya sita nililitaja mimi kwanza ili asione aibu ya kuanza. Alizungumza na mhudumu karibu saa nzima. Alirudi kwake mara tatu zaidi, na mwezi wa kwanza akaanza kuimba tena jikoni.

Kliniki hiyo ya wiki ya sita watoto walipata matone ya polio na chanjo za kuzuia kuhara, nimonia na magonjwa mengine, na mama alipimwa presha na kidonda. Wanaume tulikuwa wawili kwenye benchi, tukasalimiana kama watu waliokutana ughaibuni. Hapo pia ndipo tulipozungumza habari ambayo nyumbani huzungumzwa kwa mafumbo. Wengi wetu tumelelewa na hofu ya kubemenda, kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, mtoto atadhoofu. Mtoto anayedhoofu huwa ana njaa au anaumwa, na kumwita amebemendwa kunachelewesha kumpima na kumpa matibabu. Imani hiyo ilimpa mwanamke mapumziko, sikatai, lakini iliwapa pia wanaume wengi kisingizio cha kutoka nje na kurudi na magonjwa kwa mama anayenyonyesha. Mhudumu alitueleza kwamba mwanamke anaweza kurudia tendo hilo akiwa amepona na akiwa tayari mwenyewe, kwamba mimba inaweza kuingia hata kabla hajaona siku zake, na kwamba ni vizuri kupumzika angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Tukachagua njia ya uzazi wa mpango tukiwa wote wawili. Njiani mke wangu alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi kuuliza swali kuhusu mwili wake bila kuutania.

Najua si kila baba ana stoo, fomu na likizo ya mwaka. Rafiki yangu mmoja anavua dagaa kwenye visiwa vya Ukerewe, na dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiingia, taa hazivuti samaki na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Mkewe alipojifungua alirudi nyumbani kila mbalamwezi, akafua, akapika, akaamka usiku, na giza liliporudi akarudi ziwani na kutuma hela ya sabuni kwa simu. Nilimuuliza mbona wenzake hutumia siku hizo kwenye vilabu vya pombe. Akanijibu kwamba hata yeye aliwahi, kwa watoto wawili wa mwanzo.

Basi yule kijana wa stoo nilimwambia anunue beseni lake, halafu nikampa daftari langu anakili kurasa zile mbili kwa mkono wake mwenyewe. Siku tatu za sheria azitumie hospitali, maana hazihamishiki. Fomu ya likizo ya mwaka ameshaijaza jina, idara na idadi ya siku; sehemu ya tarehe ameiacha wazi mpaka mama mkwe aseme atarudi kwao lini.